Siku Mama Waya Alipohamisha Uzio

Jina la Mama Waya lilitoka kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio, ambako hukai dakika mbili bila kuchomwa na kipande cha waya. Mumewe alimwachia nguruwe: majike sita na dume mmoja, wote wakaidi kama marehemu mwenyewe. Mara mbili walikuwa wamevuka mpaka wa malisho na kufukua viazi vitamu vya shemeji yake. Shemeji hakupiga kelele. Alisema tu kwamba wakivuka mara ya tatu atamwita mwenye bucha, na kwa kuwa ardhi ni yake, hapakuwa na la kubishana.

Uzio wa umeme wa dukani ulikuwa ndoto ya mchana. Mama Waya akaunda wa kwake: nondo chakavu zilizovishwa vipande vya bomba la plastiki, waya mwembamba uliozungushwa kwenye ringi ya baiskeli, betri ya pikipiki, na mashine ya kusukuma umeme kwenye waya, aliyoifufua kutoka kwenye takataka za fundi mwenzake. Nguruwe humaliza kipande cha malisho kwa wiki moja, kwa hiyo uzio lazima uhame nao. Wiki ya kwanza kila mmoja aliugusa kwa pua, akapiga yowe, akashika adabu.

Leo ndiyo mara ya kwanza kuuhamisha, tena kando kabisa ya viazi. Shemeji alifika mapema, akasimama mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani.

Nguruwe wakaingia malisho mapya. Mashine ikaanza kugonga, tik, tik. Mama Waya akagusisha jani bichi kwenye waya, kama afanyavyo kila siku, akisubiri kule kufinywa kidogo na umeme vidoleni. Hakuna. Akagusa tena. Hakuna.

Ndipo akaelewa. Chuma cha ethi, kile kinachopigiliwa ardhini ili umeme upate njia ya kurudi, kule walikotoka kilikuwa kando ya hori la maji, kwenye tope. Hapa alikuwa amekipigilia kwenye udongo mkavu kama unga, usiopitisha umeme. Wiki nzima alijisifia mashine, kumbe sifa zote zilikuwa za tope.

Ndoo ya maji ilikuwa upande wa pili. Akikimbia, nguruwe watashtuka na kupita na waya wote. Na jike kubwa lilikuwa limeshasikia harufu ya viazi. Lilikuja taratibu, pua mbele.

Lilisimama shubiri moja kutoka kwenye waya. Likanusa. Masikio yakasimama kwa ule mlio wa tik, tik, likakoroma, likageuka kurudi kwa wenzake.

Shemeji akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akamwita Mama Waya waone pamoja mahali waya ulipolegea, mkono wake ukiwa umeshaelekea kwenye waya. Angeushika, asingehisi kitu, na angejua amedanganywa.

"Shemeji, hauna umeme," alisema Mama Waya.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu niuwashe."

Shemeji akaligeukia jike lile. "Yeye anajua?"

"Hajui."

"Basi usimwambie."

Shemeji akaenda mwenyewe, polepole, akaileta ndoo na kuimimina yote pale kwenye chuma. Mama Waya akagusisha jani. Umeme ukampiga hadi kwenye kiwiko. Machozi yakamtoka mbele ya shemeji yake, na hakuusingizia umeme.