Ndege Iliyopita Juu ya Nyumba ya Wakwe

Mimi hakuna jambo la kunishangaza. Nimesoma madarasa mawili tu, lakini miaka ile ya sabini nilikuwa na malori mawili na duka la mbao pale Mwanjelwa, Mbeya, na waliosoma walikuja kwangu kukopa.

Mwanangu wa kwanza alitaka kuoa binti wa Kihehe, Iringa. Wazee wa binti walitupa Jumamosi moja, wakasema baba mzazi aje mwenyewe na jembe la posa mkononi. Asipoonekana siku hiyo, Jumapili watawasikiliza watu wa Igowole, waliokuwa wanamposa binti huyo huyo.

Mshenga na shemeji zangu waliondoka na lori alfajiri. Mimi nilikuwa nimeshakata tiketi ya ndege. Karani alisema Mbeya hadi Iringa ni lisaa limoja, basi nikawaambia wenzangu watanikuta ukweni nimeshakunywa chai.

Ukungu ulitukalisha uwanjani mpaka karibu adhuhuri. Tuliporuka, ni kweli, lisaa halijaisha tukawa Iringa, ila chini ni mawingu matupu. Wakatangaza kwamba hatutui, tunaendelea Dar es Salaam. Nikamwita binti mhudumu.

"Mwambie dereva anishushe Ipogolo, hapo chini. Pale barabara ni pana."

Akalitazama jembe langu. "Mzee, funga mkanda."

Dar nilishuka na jembe langu, nikapanda basi la jioni kurudi Iringa. Jumapili asubuhi nilipofika ukweni, watu wa Igowole walikuwa wameshakalishwa kwenye mkeka. Mshenga wangu alikuwa bado anawasihi wazee, sauti imemkauka. Nikaeleza habari yote, ukungu na mawingu.

Mjomba wa binti, ndiye aliyekuwa msemaji wao, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mzee. Jana mchana tulisikia ndege inanguruma juu ya paa. Ulikuwa humo?"

"Nilikuwamo."

"Sisi husikia Wanyakyusa mnaheshimu sana wakwe. Kumbe mnawapita juu ya vichwa."

Walicheka wote, wa Igowole kuliko wenye nyumba. Wazee wakaenda pembeni kuteta. Waliporudi walisema kuchelewa wamenisamehe, ukungu ni wa Mungu. Kuwapita vichwani hawasamehe: faini ng'ombe mmoja, alipwe kabla hawajawasikiliza wageni wa mkekani.

Nilitaka kubisha. Mshenga akanivuta shati. "Lipa, kaka. Mtu asiyetakiwa hatozwi faini."

Nikanunua dume kwa jirani yao, bila kuomba apunguze. Jembe likapokelewa. Watu wa Igowole wakapewa chai, wakaaga. Baadaye nilipiga hesabu ya tiketi, basi na dume: safari ya lisaa limoja ilinigharimu shilingi mia sita arobaini na tatu na senti hamsini.