Daktari wa Jumatano

Nakumbuka Jumatano moja katikati ya miaka ya tisini, mwanangu, nikipita penye mfereji wa maji kule Soweto, Kibera, begi la dawa begani. Wanawake walikuwa kwenye foleni na mitungi yao. Mmoja akamgusa mwenzake kwa kiwiko.

"Saa nne imefika. Daktari wa Jumatano huyo."

"Mimi hata saa niliuza," mwenzake akajibu. "Ya nini, na miguu yake hii ipo?"

Wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa nesi wa miaka miwili kazini, lakini mtaani kila mwenye begi la dawa ni daktari. Maneno yale niliyachukua kama sifa.

Wewe leo una cheti cha kuwahudumia wenye virusi vya UKIMWI, na dawa ziko rafuni. Usione vyaelea, vimeundwa. Mimi hakuna aliyenifundisha kazi hiyo. Nilinakili miongozo kwa mkono katika daftari nene: utando mweupe mdomoni, kuhara kusikokoma, namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Kisha nikapanga ratiba. Wagonjwa saba wa Soweto, kila Jumatano kuanzia saa nne, kila mmoja dakika arobaini. Niliamini kwamba mpangilio ni huruma. Bado naamini, ila sasa naamini kwa wasiwasi.

Wa tatu kwenye ratiba alikuwa Mama Atieno, mjane aliyeuza omena kwenye meza mbele ya mlango wake. Wiki chache kabla, alikuwa ameniuliza kama ningeweza kubadilisha siku. Nikamweleza kwamba ratiba imejaa. Nilimweleza kwa upole, nikimwonyesha daftari.

Jumatano ile meza haikuwepo. Mlango ulikuwa na kufuli jipya. Jirani aliyekuwa akianika nguo alinijibu bila kugeuka.

"Amehama Jumapili. Landilodi alisema chumba anakitaka kwa ajili ya shemeji yake."

"Shemeji amekuja?"

"Shemeji gani?" Akakung'uta shati. "Daktari, hapa kila mlango unaouingia wewe Jumatano, watu wanajua mwenyewe amekanyaga waya. Omena zake watu waliacha kununua kitambo. Kwani hukujua?"

Kukanyaga waya, ndivyo mtaa ulivyouita ugonjwa ule. Sikujua. Nilibaki nimesimama pale na dakika zangu arobaini, sina pa kuzipeleka.

Niliporudi kliniki niliandika: amehama, hajulikani alipo. Sista Felista, nesi mkuu wetu, mama Mmaragoli aliyekaribia kustaafu, akalisoma daftari akiwa amesimama.

"Nani alichagua Jumatano?"

"Mimi, Sista."

"Yeye aliomba siku nyingine?"

"Aliomba."

"Ukamwonyesha daftari."

Nikajitetea kwa methali, kama afanyavyo kijana aliyebanwa. "Lakini Sista, mficha maradhi kilio humfichua."

"Maradhi ni yake na kilio ni chake. Wewe ulitumwa kumtibu. Hukutumwa uwe kilio."

Kisha akaniambia kilichoniuma zaidi. Mama Atieno alikuwa amepata chumba Kawangware, upande wa Kabiro, na alikuwa amemtumia Sista ujumbe: yule kijana asije. Mdomo ulikuwa umejaa vidonda, hali chakula, lakini aliiogopa miguu yangu kuliko njaa. Akifukuzwa tena, asingekuwa na nguvu za kutafuta chumba cha tatu.

Ijumaa Sista akanibebesha mizani ya kupimia watoto. Tukaitundika kwenye boriti ya lango la ploti ya Kabiro, ule ua wa vyumba vya kupanga alimohamia, tukaanza na mlango wa kwanza. Tulipima watoto. Tukafunga kidonda cha mguu cha fundi viatu mmoja, tukatazama jicho la mama mmoja, tukakubali chai mahali ambapo sikuona sababu ya chai. Nilikuwa naitazama saa kila mara. Tulikuwa na dawa ya mtu mmoja, na asubuhi nzima tulikuwa tunamhudumia kila mtu mwingine.

"Ivue hiyo saa," Sista akasema.

Nikaivua. Tulifika mlango wa tisa.

"Na hapa kuna mtoto wa kupimwa?" Sista akauliza kwa sauti ya ploti nzima kusikia.

"Hakuna, lakini karibuni." Mama Atieno akanigeukia. "Umekuja tena, Jumatano."

"Leo ni Ijumaa, mama."

"Nimeona. Ndiyo maana nimefungua."

Tangu hapo nilienda Jumatatu, nikaenda Alhamisi, mara nyingine na mizani, mara nyingine nikiwa mnunuzi wa omena tu, maana meza ilirudi. Dawa za kuvizuia virusi vyenyewe hatukuwa nazo. Tulichoweza kumlindia ni chumba chake, na alifia humo, kitandani kwake. Kwenye matanga mwanamke mmoja wa ploti ile alinivutia kiti. "Mpisheni daktari wa watoto," akawaambia wenzake. "Marehemu alikuwa anampa chai." Nilikaa, nikainamisha kichwa.

Lakini moyo haujatulia, mwanangu. Nilibadilisha ratiba ya wale sita waliobaki, nikiwa nimechelewa. Wawili walihama bila kuniaga. Mmoja hakunifungulia tena. Nikipita Soweto siku hizi, penye yale maghorofa, bado natafuta milango ambayo haipo.

Basi nakuusia hivi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni wewe. Usichoteshe mtaa mzima. Kabla hujauliza mgonjwa anakohoa tangu lini, muulize uje siku gani, upite njia ipi, umevaa nini. Akisema usije Jumatano, funga daftari. Na ukisifiwa kwa kutokosea saa, simama uulize ni nani anayeihesabu.

Mungu akupe mikono inayotibu na miguu isiyosengenya. Kila mlango utakaoubisha ufunguliwe, na ukishatoka, mwenye chumba abaki na chumba chake.