Chumvi ya Mfuko wa Nailoni

Tangu aolewe, Esteri alifuata desturi ambayo wanawake wa vilima vya Kasulu walirithishwa na mama zao: chumvi ikiisha, jani la mgomba lililoifunga hutupiwa ng'ombe zizini, alilambe, kisha alitafune. Mwaka 1976, Abdalah muuza chumvi alipoanza kufungasha kwa mifuko ya nailoni, Esteri hakuona sababu ya kubadili kitu. Kila mfuko ulipoisha chumvi aliutupa zizini, na Gaju, ng'ombe wake mwekundu, akaulamba na kuumeza.

"Mfuko ni bure, mama," Abdalah alikuwa amemwambia. "Majani waachie bibi zetu."

Sasa Gaju alikuwa hali wala hacheui, na ubavu wake wa kushoto ulivimba. Baada ya mavuno alipaswa kupelekwa Munanila, awe mahari ya Reverien, mwana pekee wa Esteri. Wakwe walikwisha kumwona na kumkubali. Kila alipopita zizini, Esteri alisimama akitega sikio, akiomba asikie japo taya likisaga.

"Mama Reverien!" jirani yake Immakulata alimtania. "Ng'ombe kasikia anakwenda ukweni, kaanza kuringa!"

Esteri hakucheka. "Nimempa nini, dada, ambacho sikuwapa wenzake wa zamani?"

Saidi, bwana mifugo aliyehamishiwa huko kutoka Handeni, aliubonyeza ule ubavu kwa ngumi.

"Mchinjeni angali hai, mama. Mkingoja, hata nyama mtaikosa."

Felisiani, mume wa Esteri, alinoa kisu. Majirani wakaja na vikapu vyao, kila mmoja akingoja fungu lake. Tumbo lilipopasuliwa, Saidi alitoa bonge gumu lililoshinda boga kwa ukubwa. Alipolichambua, mifuko ikatoka mmoja baada ya mwingine, mizima, kana kwamba Abdalah ameifunga jana.

"Nani alimlisha haya?" Saidi aliuliza.

"Mimi," alisema Esteri. "Tunawatupia walambe chumvi. Sote tunawatupia."

Immakulata akaacha kutabasamu. Alikuwa na mtamba mwenye mimba nyumbani. Aligeuka akashika njia, kwanza kwa kutembea, kisha kwa kukimbia. Wanawake wengine wakamfuata, vikapu vikabaki vitupu nyasini.

"Munanila tutapeleka nini?" Felisiani aliuliza, asimtazame mkewe. Kisha akaliona bonge. "Na hilo kalitupe."

"Nikalitupe wapi?" Esteri aliuliza.

Felisiani alitazama zizi, kisha malisho ya ng'ombe wa majirani.