Niliyemkana Darajani

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Nikishaanza, sitaki kusikia "labda ulikuwa umechoka." Nilikuwa nimechoka, ndiyo, nani hachoki Texas? Lakini uchovu haumenyi yai. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, saa nane mchana, jua la utosi.

Baba yangu alifundisha historia shule ya msingi miaka thelathini. Somo alilolipenda kuliko yote ni yale mahekalu ya mawe ya watu wa kale wa Meksiko. Aliyachora ubaoni kwa chaki, ngazi kwa ngazi, kengele inalia na yeye bado anachora. Alipokuja kututembelea Grand Prairie, huku Texas, akachukua atlasi ya watoto, akapima kwa kidole. "Kumbe ni hapa tu! Hata kwa basi mtu anafika." Nikamwambia, "Nitakupeleka, Mzee. Wiki ijayo." Wiki ijayo ilikuwa na shifti mbili ghalani, na iliyofuata vilevile. Miezi sita ikaisha, viza ikaisha, akarudi nyumbani Kenya. Mwaka uliofuata akafa.

Sikwenda kumzika. Karatasi zangu zilikuwa bado zinashughulikiwa, na wakili alinionya kwamba nikitoka nchini, sirudi. Mazishi ya baba yangu niliyasikia kwa kadi ya simu, na kadi ikaisha kabla jeneza halijashushwa. Unaujua uchungu huo? Omba usiujue.

Karatasi zilipotoka, nikasema ahadi ni deni. Nitaenda, nipande zile ngazi kwa niaba yake. Nikachukua basi la Meksiko kutoka Dallas. Tulipofika Houston asubuhi, likapakia wengine, na mzee mmoja mwenye sweta akaketi kando yangu. Sweta, Houston, mwezi wa saba! Kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Sikumwangalia sana, maana sikutaka maneno.

Mwendo ulikuwa mrefu. Baada ya saa kadhaa nikasikia yai likigongwa. Akalimenya, akafungua kipande cha gazeti chenye chumvi, akala weupe wote, kiini akaninyooshea mimi.

"Kula, Baba."

Sasa nisikilize. Mimi nina jina la babu yangu, kwa hiyo kwa desturi yetu mzee wangu aliniita Baba tangu nizaliwe. Na kiini cha yai lake kilikuwa changu tangu nilipokuwa na meno mawili. Je, nilimtambua? Nilimtambua. Nilikila kile kiini, na sikuthubutu kutazama chini ya ile kofia. Akauliza tu, "Zile ngazi bado ziko?" Nikajibu, "Ziko, Mzee." Haki ya Mungu, niliogopa na nilifurahi kwa pamoja.

Kwenye daraja la mpakani, askari wa upande wa Meksiko akaingia kukagua. Mimi nikatoa karatasi zangu. Mzee hakuwa na kitu mkononi ila maganda ya yai.

"Huyu mzee ni wako?" askari akaniuliza.

Jamani. Miaka tisa nilikuwa nimeishi nikiogopa kila bahasha ya serikali. Mtu aliyeishi hivyo hujifunza jambo moja: usimjue mtu asiye na karatasi. Mdomo ukanitangulia.

"Hapana. Simjui."

"Mbona mnafanana?"

"Simjui," nikasema tena.

Mzee hakulalamika. Alikunja yale maganda kwenye gazeti, akasimama ameshika goti, akanigusa bega. "Haya, Baba. Wewe nenda." Akashuka, akaketi kwenye benchi la saruji, juani, na sweta yake. Basi likaondoka. Nilipiga kelele lisimame? Sikupiga. Hilo ndilo linalonikaba mpaka leo.

Mahekalu niliyafikia. Sikupanda hata ngazi moja. Nilikaa chini nikalia, watalii wakinipita na kamera zao. Tuliporudi mpakani, benchi lilikuwa tupu.

Nilipofika nyumbani nikampigia mama. Kabla sijamweleza lolote, akasema, "Nimemwota baba yako mara tatu mfululizo. Ameketi mahali pa jua kali. Anauliza kama wewe ulifika."

Ni miaka sasa, na mama bado anamwota, palepale. Kila yai ninalomenya, kiini nakiweka kando ya sahani, na mke wangu ameacha kuuliza. Nimerudi kwenye daraja lile mara nne. Nakaa kwenye benchi lile mpaka jioni, nasema kwa sauti, "Huyu ni wangu," na wapita njia wanadhani nimerukwa na akili.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, siku ukiulizwa kama aliye kando yako ni wako, usitazame karatasi zake. Sema ni wako. Mengine yatajulikana baadaye. Mimi niliulizwa mara mbili, na ya tatu bado naingoja.