Sauti ya Mlango

Kazi yake kiwandani ilikuwa kufunga milango. Gari jipya likishaungwa, aliusukuma kila mlango kwa vidole viwili, akainamisha kichwa na kusikiliza. Ukilia kama debe, gari lilirudi kwa mafundi. Tangu magari ya mtumba yaanze kumiminika kwa bei ya kutupa, kiwanda chao hakiungi hata gari moja, naye anashinda nyumbani akifunga kabati, dirisha, mlango wa choo, kwa vidole vile vile viwili. "Mzee, hilo kabati halibebi abiria," mkewe humtania. Hucheka, kisha akalifunga tena.

Juzi binti yao alikuja na teksi kuukuu, moja ya zile zilizotoka kiwandani kwao. Akashuka na mizigo tele, akausukuma mlango kwa kiuno. Ukajifunga kwa sauti nzito, fupi. Mzee aliyekuwa kibarazani akasimama, hata salamu ya binti hakuiitikia.

"Hebu ufunge tena, kijana," akamwambia dereva.

"Umefungwa vizuri, mzee."

"Najua. Wewe ufunge tu."

Dereva akashuka, akaufungua. Mzee akainamisha kichwa. Jikoni, mkewe alikuwa akiosha vyombo. Akafunga bomba, mumewe asikie.