Kitambaa cha kanga kwenye boriti

Asubuhi, Ridhwan Amjad yuko juu ya paa la nyumba kongwe ya mtaa wa Kiponda. Anaigonga boriti kwa kisigino cha shoka, anatega sikio, anatikisa kichwa. Imeoza. Chini uchochoroni mpita njia anampigia kelele: “Mwinyi! Visima vyetu vishapona?”

Mafundi wenzake wanacheka. Ridhwan hacheki.

Kwa miaka mingi fundi huyu amekarabati mapaa ya Mji Mkongwe na kuuza boriti za mikoko. Mwaka jana mteja wake, mwandishi Rawiya Ghanim, aliipenda sauti yake nzito, akampa nafasi katika mchezo wa redio. Tangu hapo jina lake limepotea. Mjini na mashamba anaitwa Mwinyi.

Mwinyi, mhusika anayemwigiza, ni kijana anayeishi miaka hamsini ijayo. Bahari imepanda, visima vya kijijini kwao vimeingia chumvi, na mikoko imebaki michache. Anachana kanga ya marehemu mama yake, anafunga kitambaa kwenye kila mti uliosalia na kuapa kwamba haukatwi tena.

“Sehemu hiyo tuliirikodi mara moja tu,” anakumbuka Rawiya. “Fundi wa mitambo mwenyewe alilia.”

Katika kijiji kimoja cha mashariki ya Unguja, wanawake walioisikia sehemu hiyo hawakuishia kulia. Walichana kanga zao kuukuu, wakaifunga mikoko ya hori lao, mkono wa bahari unaoingia kijijini, wakapanda na miche mipya. Kisha wakafunga safari kuja mjini kumshukuru Mwinyi, wakiongozwa na Bi Sichana, na kapu la kaa mkononi.

Wakamkuta kiwanjani kwake anapouzia boriti. Viti havikutosha, basi akatandika mkeka juu ya rundo la boriti mbichi, akawakaribisha wakae na kuagiza kahawa.

“Kuna mtu anatuibia miti,” Bi Sichana alimwambia. “Hata ile tuliyoifunga. Hatumjui. Utusemee redioni, mwanangu.”

Ridhwan akaitikia, “Nitasema, Bi.” Hapo Bi Sichana akausogeza mkeka apate pa kuweka sinia la kahawa. Kwenye boriti iliyochungulia palikuwa na kitambaa chekundu cha kanga, kimefungwa mafundo mawili.

“Nlitamani ardhi ipasuke,” anasema Ridhwan, macho yake yako kwenye shoka. “Zile boriti nlinunua kwa kijana mmoja. Nliuliza bei, sikuuliza zimetoka wapi. Wallahi, kuuliza nliogopa.”

Bi Sichana alikifungua kitambaa taratibu, akakiweka ndani ya kiganja. Wenzake walikuwa wakizungumza, hawakuona. Akamaliza kahawa yake, akasema, “Ahsante kwa mchezo,” akaondoka. Kapu la kaa akaliacha pale pale.

“Angenitukana ningepumua,” anasema Ridhwan. “Wale kaa sikuweza kuwala. Nlimpa jirani.”

Tangu siku hiyo hanunui mikoko. Anatumia mivinje, na wenye nyumba waliozoea mikoko wananung’unika. Lakini fedheha haikumtoka. Kila anapoitwa Mwinyi uso unamshuka, na mji mzima unamwita hivyo.

Alipomweleza Rawiya kwamba anataka kwenda kukiri mbele ya wanawake wote, mwandishi huyo alimsihi anyamaze. “Wakijua Mwinyi ndiye mnunuzi, watasema hata kupanda kwa bahari ni uongo. Watavifungua vitambaa,” anasema Rawiya, na hofu yake si ya bure. Mchezo ule umepandisha miche ambayo mikutano mingi haikuipandisha.

Ridhwan amelipima neno hilo kwa muda mrefu. Mwisho akajibu kwamba Bi Sichana anajua tayari, na miti hajaifungua. Mama huyo anaibeba siri ya mtu mzima mwenzake ili mchezo usiharibike, na yeye ndiye aliyeibiwa.

Jumamosi atakwenda. Ameshamwomba mkewe kanga moja kuukuu, na amejiandaa kushinda matopeni akipanda pamoja na wanawake wale, kama hawatamfukuza. Yapo maneno machache aliyoyaandaa, na hakuna aliyemwandikia.

Anatarajia nini huko? Analifuta shoka kwa shati.

“Bi Sichana aniite Ridhwan,” anasema. “Hata kwa ukali. Lakini aniite mimi.”