Hodi kwenye Shamba la Maua

Wilondja alikuwa mtu wa hodi. Hata mlango wa chumba chake mwenyewe pale Vickery Meadow, mtaa wa Dallas, aliugonga kwanza, na mkewe Sandrine hakuchoka kumcheka. "Papa Élodie, unabisha hodi kwako? Unamwogopa nani humu?" Naye hujibu kwamba ndivyo baba yake alivyomfunza kule Fizi, Kongo, na kwamba kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako ukuta ulikuwa turubai, hodi ndiyo heshima pekee iliyokuwa imebaki. Basi mtu wa namna hii, jamani, ndiye aliyejikuta mbele ya mtutu wa bunduki kwa sababu ya adabu.

Siku za kazi alikuwa boharini, anapakia maboksi mpaka mgongo unalia. Jumamosi alipiga picha harusi za Wakongo, na alizipiga vizuri, mabibi harusi wa Lewisville wakawa wanamgombania. Kamera hiyo ndiyo iliyomwingiza kwenye kundi la wapiga picha, Waswahili wa Dallas na wa Houston, ambao mara kwa mara hukutana katikati ya njia, huko mashambani, wakazunguka siku nzima na kamera zao. Mwishoni huketi mahali wakala, kila mmoja akatoa picha moja, na picha ya siku ikachaguliwa. Kiongozi wao alikuwa Severin, mhasibu wa Kitanzania kutoka Houston. Alikuwa na lenzi ndefu na maneno marefu zaidi, na kushindwa hakukuzoea kabisa.

Siku hiyo ilikuwa mwezi wa nne, wakati mashamba ya Texas yanapofunikwa na maua ya buluu, na watu wazima na akili zao wanalala kwenye majani ili wapigwe picha. Sandrine hakufuata maua. Alifuata sambusa za Theodora, nesi wa Cedar Hill, na mazungumzo. Ndani ya gari walikuwa wanacheka vizuri tu mpaka Severin alipofunga breki.

Ng'ambo ya uzio lilikuwapo banda la mbao, kuukuu, limeinamia upande mmoja, na maua yamelizunguka mpaka madirishani. Loo! Hata mimi ninayesimulia, nisiyejua kushika kamera, ningesimama. Nguzo za uzio zilipakwa michirizi ya rangi ya zambarau. Wilondja akadhani mwenye shamba anapenda mapambo.

"Chapchap," Severin alisema, mguu mmoja tayari juu ya waya. "Tunaruka, tunapiga, tunaondoka."

"Shamba la watu, ndugu Severin? Bila hodi?"

"Kaka, ukienda kuuliza utaambiwa hapana."

"Basi tutakuwa tumeambiwa."

Severin akashusha mguu, amenuna. "Haya, nenda wewe mwenye heshima zako. Ila fanya haraka, mwanga unaondoka."

Sandrine alikuwa amevua viatu na kukunja miguu juu ya kiti. Akachungulia dirishani. "Papa Élodie, hapa si Fizi."

"Kuuliza si ujinga, Mama Élodie," akajibu, akaingia kwa geti lililokuwa wazi. Kwa hili nitamlaumu Wilondja mpaka kesho. Mkeo akikwambia neno fupi namna ile, msikilize.

Njia ilikuwa ya changarawe, ndefu, na nyumba iko mwisho. Wilondja hakuuendea mlango moja kwa moja, maana kwao hufanyi hivyo. Unasimama uani, unapiga makofi, unaita, unangoja mwenyeji atoke. Akasimama, akapiga makofi, akaita, "Hello! Hello!" Wa kwanza kumjibu walikuwa mbwa. Walitoka chini ya ngazi wakibweka kwa fujo, na nyuma yao mlango ukafunguka, akatoka mzee wa Kizungu na bunduki ndefu.

Wilondja akafanya kosa la pili. Kamera ilikuwa inaning'inia kifuani, akaishika isije ikayumba. Mzee akaona mtu mweusi uani kwake anashika kitu cheusi kifuani. Bunduki ikapanda begani.

Mzee akapiga kelele. Kiingereza cha Wilondja kilikuwa cha bohari, cha maboksi na mizani, lakini maneno yale hayakuhitaji mkalimani: usisogee. Mikono ikapanda juu yenyewe. Ilijua njia. Iliwahi kupandishwa kwenye vizuizi vya barabarani kule kwao, mbele ya vijana wenye macho mekundu, na Wilondja alijifunza huko kwamba mwenye bunduki huogopa mikono yako kuliko unavyoiogopa bunduki yake.

"Picture," alisema. "Flowers. I ask, sir. Only ask."

Bunduki haikushuka. Mbwa walikuwa wanazunguka miguu ya Wilondja, wakibweka hata asisikie pumzi yake mwenyewe. Jasho likamwingia machoni, akashindwa kulipangusa. Aliogopa. Tena aliona hasira, hasira ya kulia. Yaani nimekimbia vita, nimevuka ziwa, nimezeekea kambini, nije nifie kwenye maua? Akaanza kumwomba Mungu kwa Kibembe, kimoyomoyo, bila mpangilio, akilitaja jina la binti yake Élodie.

Kisha macho ya mzee yakamwacha. Yakapita juu ya bega lake, yakaangalia kitu huko nyuma, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeamshwa. Mtutu ukashuka taratibu. Mzee akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kuelekea barabarani. Ondoka.

Wilondja hakuthubutu kumpa mgongo. Alitembea kinyumenyume, mikono bado iko juu, mpaka mzee alipowaita mbwa na kuingia ndani. Ndipo akageuka, akaona wenzake wamejazana kando ya gari.

Walimpokea kwa kelele, kila mtu anasema lake. Severin akamkumbatia. "Kaka, umetutisha!" Mmoja wao akamweleza kwamba rangi ile ya zambarau kwenye nguzo, kwa sheria ya Texas, maana yake ni marufuku kuingia.

"Ulijua?" Wilondja akamuuliza Severin.

"Nilidhani na wewe unajua, kaka."

Sandrine alikuwa ameshakaa kitini, pembeni ya Theodora, uso kaugeuzia dirishani, miguu kaifunika kwa kitenge. Wilondja alipomgusa bega hakugeuka. Amekasirika, akajisemea, na haki anayo. Safari yote hakupata neno kutoka kwake.

Walipofika kwenye mgahawa, Sandrine alisema kichwa kinamuuma, waende tu. Theodora akasema atabaki naye. Wilondja naye alitaka kubaki, ila Severin alimshika mkono. "Njoo bwana, leo wewe ndiye shujaa wetu." Aliona haya kukataa.

Picha zikapita mezani, maua, banda, ng'ombe, maua tena. Severin alingoja awe wa mwisho. Akaiweka tableti katikati ya sahani, na meza nzima ikainama kutazama.

Mzee na bunduki. Wilondja mikono juu. Buluu pande zote. Ilikuwa safi, kila changarawe inaonekana. Wilondja ni fundi, alijua picha ya mbali namna ile inapigwaje. Unaiegemeza lenzi mahali, unabana pumzi, na mkono wako hautetemeki hata kidogo.

"Ulikuwa unapiga," akasema. "Wakati ule."

"Ushahidi, kaka! Nchi hii bila ushahidi umekwisha. Lingetokea la kutokea, je?"

"Na ushahidi wa kifo changu umeuleta kwenye mashindano?"

Severin akatazama chini. Aibu ilimshika, nisimsingizie, lakini sifa ilimzidi nguvu. Akarudisha kidole kwenye kioo. "Ila ina kasoro. Hapa pembeni kuna mtu ameingia, ameharibu. Huyu nita-crop, nitamkata tu."

Wilondja akainama. Pembeni, kwa ukungu wa mtu anayekimbia, alikuwa Sandrine. Kilemba kimefunguka, mdomo wazi, pekupeku kwenye changarawe, yuko katikati ya njia na nyuma yake hakuna mtu hata mmoja. Theodora, aliyemfuata na kumrudisha garini, alikuwa hajamfikia bado, wala hakuna mwingine aliyeingia getini. Na macho ya mzee hayakuwa kwa Wilondja. Yalikuwa kwa mwanamke yule. Wahenga wana methali ya rafiki na dhiki. Mnaijua, sina haja ya kuwatwanga nayo.

"Usimguse huyo," Wilondja alisema. Sauti haikupanda, lakini Severin aliondoa kidole. "Nitumie hiyo picha, kisha ifute kwako. Na mimi msinihesabu tena kwenye safari zenu."

Akatoka. Kwenye gari Theodora alikuwa amepiga magoti, na mguu wa Sandrine pajani, anamtoa miiba ya majani kwa kibano. Nyayo zilikuwa zimechanika. Wilondja akasimama mlangoni, hodi haikutoka.

"Shemeji, niachie," akamwambia Theodora, akapokea kibano, akapiga magoti mahali pake.

Sandrine alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu watoke shambani. Akautoa mguu wa pili kwenye kitenge, akamwekea pajani.